Taa Zinawaka Mchana Kweupe: Mwongozo Kamili wa Kupima Saketi ya Sensa ya Mwanga

Saa saba mchana, jua la Moshi limesimama utosini, na Rumion inaingia kipilefti cha YMCA taa zote mbili zinawaka. Bodaboda wanapiga kelele, "Taa! Taa!" Dereva anazungusha swichi, zinazima. Akirudisha kwenye AUTO, nafasi ya taa kujiwasha na kujizima zenyewe, zinawaka tena. Wiki hiyohiyo anaagiza sensa. Anaifunga, anawasha gari, na taa zinamtazama vilevile. Hapa kwetu Unga Limited, Arusha, nimepokea wateja wengi wa namna hiyo, na mara nyingi mtu hufika na sensa ya zamani mkononi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nzima kabisa.

Katika kazi yangu ya umeme wa magari, sensa yenyewe huwa ya mwisho kufa kati ya vitu vyote vinavyoizunguka. Mara nyingi inasema kweli: pale ilipo kuna giza, ila wewe hulioni. Au inasema kweli na waya haufikishi habari. Kabla hujatoa hela, jibu swali moja: kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo inayoamuru taa, linaona giza, au haliioni sensa kabisa? Ni hitilafu mbili, na kila moja ina njia yake ya kutafutwa.

Saketi ilivyo

Sensa ni kidude kidogo cheusi, chenye umbo la kichwa cha uyoga, juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Kwenye magari mengine iko nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Ndani yake kuna kipande kinachoitikia mwanga. Utakutana na namna tatu, na usipojua uliyonayo, namba za testa (kipimo cha umeme) zitakupoteza.

Ya kwanza ina nyaya mbili. Boksi linatuma volti 5 kupitia kizuizi (resista) kilicho ndani yake, na sensa inaishusha volti hiyo kadiri mwanga unavyozidi. Gizani utasoma karibu na 5, juani inashuka.

Ya pili, iliyojaa kwenye Toyota, ina nyaya tatu: umeme wa kuilisha, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi), na waya wa habari. Kwenye michoro ya Toyota utaziona zimeandikwa CLTB, CLTE na CLTS, kwa mpangilio huo. Habari inayotoka hapo ni mapigo ya umeme ambayo mwendo wake hubadilika na mwanga. Testa ya kawaida itakuonyesha wastani tu wa mapigo hayo.

Ya tatu ni ile ya nyuma ya kioo cha kati, iliyounganishwa na sensa ya mvua. Nayo ina nyaya tatu, lakini waya wa habari ni wa LIN, maana yake sensa na boksi zinazungumza kidijitali juu ya waya mmoja. Hii utaikuta kwenye Volkswagen, BMW na nyingi za Ulaya.

Kuna mtego kwenye Toyota nyingi. Juu ya dashibodi kunaweza kuwa na vidude viwili vinavyofanana: kimoja cha taa, kingine cha AC, kinachopima ukali wa jua ili baridi irekebishwe. Kuna matoleo ambayo vyote viwili vimewekwa ndani ya kidude kimoja, na hapo nyaya zinaongezeka. Nimeona mtu kabadilisha cha AC mara mbili akitafuta dawa ya taa.

Kwanza, hakikisha kuna kosa

Washa taa kwa mkono, bila AUTO. Zikikataa kuwaka hata hivyo, achana na sensa. Tafuta balbu, fyuzi, rilei au swichi yenyewe. Zikiwaka kwa mkono na kuzima kwa mkono, ndipo unaendelea.

Halafu jua gari lako limetengenezwa lini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, ambayo Japani ilianza kuilazimisha kwa matoleo mapya ya magari ya abiria Aprili 2020, inataka taa ziwake ndani ya sekunde 2 mwanga ukishuka chini ya luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), na zizime mwanga ukipita luksi 7,000, baada ya kusubiri kati ya sekunde 5 na 300. Soma vizuri hiyo namba ya mwisho: sekunde 300 ni dakika tano. Ukitoka chini ya miti ya Tengeru ukaingia kwenye jua la Usa River na taa zikaendelea kuwaka kilomita mbili tatu, gari linatii sheria ya kwao. Magari ya kizazi hicho, ukiwa mwendoni, huwezi kuyazima taa kuu gizani hata ukitaka. Mteja anakuja analalamika swichi mbovu, kumbe ndivyo lilivyozaliwa.

Pia angalia majira. Juni na Julai, Meru ikijifunika mpaka miguuni na mawingu yakatanda kuanzia alfajiri, taa za AUTO kuwaka saa mbili asubuhi hapa Arusha ni jambo la kawaida. Malalamiko mengi ya miezi hiyo huisha yenyewe Septemba.

Pili, tumia macho kabla ya testa

Mzee mmoja wa Tengeru aliniletea Harrier. "Fundi, hii sensa imeshabadilishwa mara mbili, nitafutie ile orijino." Nikamwambia, mzee wangu, tuanze na hili zulia. Juu ya dashibodi kulikuwa na kitambaa cha manyoya, kizuri tu, kilichokatwa tundu la sensa, ila tundu limesogea kama vidole viwili. Tulipokivuta, tukakaa kidogo, taa zikazima zenyewe. Sensa tatu zilikuwa zimelala chini ya manyoya kwa zamu, zote zikisema kweli.

Kwa hiyo kagua haya: kitambaa cha dashibodi, risiti na karatasi za maegesho, stika za kioo cha mbele, na tinti ya ukanda wa juu iliyoshushwa mpaka ikafika kwenye sensa ya kioo cha kati. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Magari ya safari yanayotoka maporini huwa na tabaka la vumbi lililokauka kama rangi. Usitumie ile mafuta ya kung'arisha dashibodi juu ya sensa, inaacha utando unaoshika vumbi zaidi.

Kama kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa, uliza kilibadilishwaje. Sensa ya nyuma ya kioo cha kati hushikana na kioo kwa kipande cha jeli laini inayopitisha mwanga. Fundi akiirudisha ile ya zamani, mapovu ya hewa yanabaki katikati, na sensa inasoma mapovu. Tazama kwa nje ukiwa umesimama mbele ya gari: ukiona viputo au weupe, umepata kosa, na dawa yake ni jeli mpya.

Tatu, jaribio la koti

Fanya nje, juani, saa sita mpaka saa tisa. Usilifanyie chini ya mabati, maana humo mwanga unaweza kuwa luksi mia chache tu wakati nje jua ni zaidi ya elfu themanini. Simu nyingi zina programu ya kupima luksi. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukuonyesha ni kwa kiasi gani jicho linakudanganya ndani ya gereji.

Weka swichi ya gari kwenye ON, taa kwenye AUTO, kisha funika sensa kwa koti zito jeusi lililokunjwa. Kiganja hakitoshi, mwanga hupenya kingo zake. Subiri sekunde kumi. Taa ziwake. Ondoa koti, subiri hadi dakika tano, zizime.

Zikitii pande zote mbili, saketi ni nzima, na tatizo ni mazingira au mpangilio wa usikivu ndani ya boksi. Zikiwa zinawaka muda wote bila kujali koti, boksi linaona giza, au limepoteza sensa na limeamua kuwasha taa kwa usalama. Zisipowaka kabisa, boksi linaona mwanga muda wote, au halijui kwamba umeweka AUTO.

Tochi ya simu usiiamini kwenye jaribio la kinyume. Sensa nyingi huitikia sana miale ya joto isiyoonekana kwa jicho, ambayo jua na balbu ya nyuzi vinayo tele na tochi ya LED haina. Unaweza kuimulika mpaka simu iishe chaji na sensa ikaendelea kusema ni usiku.

Nne, fyuzi

Usiitazame fyuzi kwa macho tu. Swichi ya gari ikiwa ON, weka waya mweusi wa testa kwenye ethi, ule mwekundu gusa vitobo viwili vidogo vya mgongoni mwa fyuzi ikiwa mahali pake. Pande zote mbili zisome volti ya betri. Kwenye Toyota anza na fyuzi zilizoandikwa ECU-B, ECU-IG na DOME. Ikiwa redio inapoteza saa na taa ya ndani haiwaki, DOME inakuita.

Tano, mashine

Kile kidude cha bei rahisi cha Bluetooth cha kusoma hitilafu, pamoja na programu nyingi za bure, husoma injini tu, hizo kodi (namba za hitilafu) zinazoanza na P. Taa ziko upande wa bodi, na kodi zake huanza na B. Hapa utahitaji mashine inayoingia kwenye boksi la bodi la gari lako.

Kwenye Toyota, B1244 ndiyo ya saketi ya sensa ya mwanga wa taa. Ukikuta B1421, hiyo ni ya sensa ya jua ya AC, na ina tabia ya kujitokeza gari likipimwa sehemu yenye giza hata kama hakuna kibaya. Toa gari nje, futa kodi, pima tena.

Kinachonifaa zaidi ya kodi ni data inayotembea. Fungua ukurasa wa taa, tafuta mstari wa swichi ya AUTO. Zungusha swichi, uone kama neno linabadilika kutoka OFF kwenda ON. Lisipobadilika, umeokoa nusu siku: kosa liko kwenye swichi ya usukani au waya wake, na sensa haihusiki. Mikono ya swichi iliyotumika miaka kumi na tano Japani kisha mitano hapa huchakaa ndani, hasa nafasi ya AUTO.

Kwenye mashine hiyohiyo, ukurasa wa mipangilio, Toyota nyingi zina viwango vitano vya usikivu: NORMAL katikati, LIGHT viwili upande mmoja na DARK viwili upande wa pili. Kama jaribio la koti lilikuwa safi na taa zinawahi tu kuwaka, sogeza ngazi moja, ujaribu siku mbili. Hiyo ndiyo kazi yote.

Sita, testa kwenye nyaya

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Weka kando taa ya kupimia yenye balbu, inavuta umeme mwingi kuliko saketi ya volti 5 inavyoweza kutoa, na unaweza kuchoma boksi. Tumia multimita ya namba.

Sensa ya dashibodi inanyanyuliwa kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi itaacha kovu ambalo mwenye gari ataliona kila asubuhi. Ikishainuka, funga waya kwa uzi au tepu kabla hujachomoa plagi. Plagi ikitumbukia ndani, utashusha dashibodi nzima. Na kama itabidi ufungue vifuniko vya nguzo za pembeni ambako kuna mikoba ya hewa (airbag), chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu.

Anza na ethi, wengi huanza na umeme. Plagi ikiwa imechomwa na swichi ya gari ON, ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa ethi, testa upande wa volti, mguu wa pili kwenye hasi ya betri. Isome chini ya volti 0.1. Ikisoma 0.5 au zaidi, ethi ni mbovu hata kama kipimo cha omu kilikuambia nzima. Waya uliobaki na nyuzi mbili tu hupita mtihani wa omu na kuanguka ukianza kubeba umeme.

Pili, umeme. Kwa ile ya Toyota ya nyaya tatu, chomoa plagi, swichi ON, pima kati ya waya wa kulisha na ethi ya plagi: utegemee volti ya betri, kati ya 11 na 14. Ukipima kwa ethi ya bodi ukapata 12, na kwa ethi ya plagi usipate kitu, umeshaona mkosaji.

Tatu, habari. Rudisha plagi, ingiza pini kwa nyuma kwenye waya wa habari, kisha funika na funua kwa koti. Unachotafuta ni mabadiliko, usihangaike na namba kamili. Kama testa yako ina kipimo cha hezi (mapigo kwa sekunde), kitumie kwenye Toyota. Ikisoma kitu kilekile juani na gizani, na umeme na ethi ni vizuri, sensa imekufa kweli, na sasa una haki ya kununua nyingine.

Ile ya nyaya mbili ina jaribio zuri. Chomoa plagi, pima upande wa boksi: volti kama 5. Kwa mpangilio niliouelezea juu, boksi sasa linaona giza. Unganisha matundu mawili ya plagi kwa kizuizi cha omu 1,000, na boksi litaona jua. Taa zikitii, boksi na nyaya ni wazima. Ukikosa 5, waya umekatika au umepiga shoti kwenye ethi. Usifanye hivyo kwenye sensa ya nyaya tatu, utaunganisha umeme wa betri mahali pasipotakiwa.

Ya LIN nitaipitia haraka. Waya ukiwa kimya husoma karibu na volti ya betri, mazungumzo yakianza testa inacheza chini yake kidogo. Ukisoma sifuri muda wote, kuna shoti. Ukisoma 12 bila kucheza, boksi haliongei. Zaidi ya hapo ni kazi ya mashine, na sensa mpya kwenye magari haya mara nyingi inahitaji kuandikishwa kwenye boksi ndipo ikubaliwe.

Saba, waya kati ya sensa na boksi

Chomoa hasi ya betri, chomoa plagi zote mbili, ya sensa na ya boksi. Pima kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho: chini ya omu 1. Kisha pima kila waya dhidi ya bodi, na waya wa habari dhidi ya ule wa kulisha: omu 10,000 au zaidi. Waya wa ethi peke yake ndio usishangae ukigusana na bodi.

Ukikosa namba hizo, fuata njia ya waya. Kwa uzoefu wa huku, nianzie wapi? Walipopita wafunga redio na alamu. Nimeshatoa waya wa sensa uliokatwa ukaungwa kwa kusokotwa na vidole na tepu ya umeme ambayo joto la dashibodi limeifanya kuwa gundi. Baada ya hapo, panya. Gari linalolala chini ya migomba huko Machame au Kibosho ni hoteli. Kisha maji: kioo cha mbele kisichofungwa vizuri huvuja taratibu mpaka kwenye plagi za pembeni ya miguu ya abiria, na utaona ukungu wa kijani kwenye pini.

Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, weka testa kwenye waya wa habari, mwambie msaidizi atikise nyaya kipande kwa kipande huku wewe unatazama namba. Ukikosa, acha gari juani madirisha yamefungwa saa nzima, urudie. Plagi iliyolegea huachia dashibodi ikipata joto, na hujirudi ukiileta kivulini kwa fundi.

Unga waya kwa risasi ya kuyeyushwa na mpira wa kubana kwa joto. Kusokota ni kumwachia kazi fundi wa kesho.

Mlango wa dereva

Wapo wanaokuja wakisema sensa imeua betri usiku. Kwenye Toyota nyingi, ukizima gari taa hazizimi mpaka mlango wa dereva ufunguliwe, na anayeambia boksi kwamba mlango umefunguliwa ni swichi ndogo ya mlango. Fungua mlango uone kama taa ya ndani inawaka na dashibodi inaonyesha mlango uko wazi. Kama haviitikii, swichi hiyo ndiyo iliyomaliza betri. Mama mmoja wa Majengo, Moshi, alinunua betri mpya kwa sababu ya kitu hicho, na kilichotakiwa ni kusafisha kutu.

Ukinunua sensa

Linganisha namba ya spea iliyochapwa kwenye sensa yenyewe, herufi kwa herufi. Umbo na plagi vinaweza kufanana kabisa na habari inayotoka ikawa ya namna nyingine. Ya mtumba kutoka Japani haina ubaya, ila ijaribu dukani kabla ya kulipa: iunganishe kwenye plagi ya gari lako, nje juani, kwa koti lilelile.

Jaribio la barabarani

Toka mjini mchana kuelekea Moshi. Kwenye kivuli kizito kabla ya Usa River taa zinaweza kuwaka, hilo ni sawa. Ukipita njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako ni uwazi mtupu, lazima ziwe zimezima. Rudi jioni. Huku karibu na ikweta magharibi ni fupi, jua likizama dakika kama ishirini giza limeshika, kwa hiyo taa ziwake ukiwa bado unasoma namba za gari lililo mbele bila shida. Ukifika nyumbani zima gari, fungua mlango wa dereva, na usiingie ndani mpaka uone taa zimezima.